Ukishika Nafasi ya Aliye Likizo ya Uzazi: Haki Zako Hatua kwa Hatua

Mwenzako anakwenda kujifungua. Kazi haingoji, kwa hiyo mwajiri anatafuta mtu wa kuishika mpaka arudi, na safari hii mtu huyo ni wewe. Wengi hupokea kazi ya namna hii kwa furaha, wakasaini walichopewa, wakaanza siku hiyohiyo. Kisha kila wakiuliza jambo wanajibiwa, "Kwani wewe si wa muda tu?", na polepole wanaanza kuamini kwamba neno muda limewafutia haki. Hawaombi likizo. Wakiumwa wanakuja kazini hivyohivyo. Siku ya mwisho wanaondoka mikono mitupu, bila hata cheti cha utumishi.

Nimewahi kuwa mmoja wao. Ijumaa moja saa kumi jioni, nikiwa nafunga mafaili ya wiki, niliitwa nikaambiwa mwenye nafasi anarudi Jumatatu, kwa hiyo nisihangaike kuja tena. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimebakiza wiki 6. Nilipofika nyumbani nilitoa mkataba nikausoma neno kwa neno, nikakuta maneno niliyoyaruka siku ya kusaini: "au mapema zaidi ya hapo, kadiri mwajiri atakavyoona inafaa". Maneno tisa yaliyobeba mshahara wa mwezi na nusu. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimekaa kwenye kifungu cha kumalizika kwa mkataba kuliko mahali pengine.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja. Mshika nafasi ni mwajiriwa kamili. Kilicho tofauti kwake ni kwamba mwisho wa ajira yake unajulikana tangu mwanzo. Mshahara, mapumziko, likizo, usalama kazini, kutobaguliwa, kulipwa stahili siku ya kuondoka: hayo yote yanamhusu. Viwango na masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hapa chini nitataja sheria za nchi kadhaa ili uone jinsi jambo linavyoshughulikiwa. Vya kwako utavipata kwa afisa kazi au chama cha wafanyakazi.

Hatua ya 1: Jua umeingia kwa mlango upi

Kuna milango mitatu, na kila mmoja una maswali yake.

Wa kwanza ni kuajiriwa moja kwa moja na mwajiri kwa mkataba wa muda maalumu. Huo ndio wa kawaida, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inauhusu.

Wa pili ni kupelekwa na wakala wa ajira. Hapo uliza mapema nani hasa ni mwajiri wako kisheria: nani anakulipa, nani anapeleka michango yako ya hifadhi ya jamii, nani unamwandikia ukiumwa. Usikubali jibu la "mtaelewana hukohuko".

Wa tatu ni kukaimu: tayari uko kazini, unahamishwa kwa muda kwenye nafasi ya mwenzako. Watu hudhani huu hauna hatari kwa sababu wana ajira ya kudumu. Hatari ipo. Nafasi yako ya zamani nayo itashikwa na mtu, na baada ya miezi kadhaa unaweza kurudi ukakuta dawati lako lina mwenyewe. Kabla ya kuhama, pata barua yenye mambo matatu: utarudi kwenye nafasi yako ileile, posho ya kukaimu ni kiasi gani na inaanza tarehe gani, na kipindi cha kukaimu kinahesabiwa kuwa mwendelezo wa utumishi wako.

Hatua ya 2: Soma kifungu cha mwisho wa mkataba kabla hujasaini

Mikataba ya kushika nafasi humalizika kwa njia mojawapo kati ya hizi.

Ipo inayotaja tarehe. "Mkataba huu utaanza tarehe fulani na kumalizika tarehe fulani." Hii ndiyo salama zaidi kwako kwa sababu mwenye nafasi akitaka kurudi mapema, tarehe yako haiguswi kirahisi. Ubaya wake ni kwamba akichelewa kurudi, mwajiri hana wajibu wa kukuongezea hata siku moja.

Ipo inayotaja tukio. "Mkataba huu utamalizika mwenye nafasi atakaporejea kazini." Hapo huna tarehe kabisa. Unaishi kwa ratiba ya mtu mwingine, na mtu huyo ana mtoto mchanga. Hata yeye hajui vizuri atarudi lini. Tena jiulize: asiporudi kabisa, mkataba unamalizika lini? Akiacha kazi, tukio lililotajwa halitatokea kamwe, na hapo ndipo mabishano ya kisheria huzaliwa.

Halafu ipo inayochanganya vyote, kama wangu ulivyokuwa: tarehe mbele, mlango wazi nyuma.

Ukikuta kifungu cha tukio au cha kuchanganya, usikikatae kwa ugomvi. Omba kiandikwe vizuri. Maneno kama haya yanamlinda kila mmoja, mwajiri pia:

"Mkataba huu ni wa kushika nafasi ya mfanyakazi aliye katika likizo ya uzazi. Utamalizika tarehe iliyotajwa hapo juu. Endapo mwenye nafasi atarejea kabla ya tarehe hiyo, mwajiri atampa mfanyakazi notisi ya maandishi isiyopungua wiki 4, au malipo badala ya notisi. Endapo mwenye nafasi hatarejea, mwajiri atamjulisha mfanyakazi kwa maandishi, na mkataba utaendelea hadi tarehe yake."

Angalia kila sentensi inafanya nini. Ya kwanza inataja sababu ya mkataba kuwa wa muda. Ya pili inakupa tarehe ya kupangia maisha. Ya tatu inazuia ile Ijumaa ya saa kumi jioni. Ya nne inaziba tundu la mwenye nafasi asiporudi. Wiki 4 si takwimu takatifu. Mkataba wa miezi mitatu unaweza kuwa na wiki 2. Muhimu ni kwamba iwepo na isipungue kiwango cha sheria.

Sababu nayo si pambo. Nchini Uingereza, kifungu cha 106 cha Sheria ya Haki za Ajira ya 1996 kinamsaidia mwajiri anayemwondoa mshika nafasi ili mama arudi, lakini kwa sharti kwamba alimjulisha kwa maandishi wakati wa kumwajiri kwamba ajira itakoma mwenye nafasi akirejea. Hakusema mwanzoni, hawezi kuegemea kifungu hicho mwishoni. Afrika Kusini, sheria inataka mkataba wa muda unaozidi miezi 3 uwe na sababu halali, na kumshikia nafasi mfanyakazi asiyekuwepo kwa muda ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Sababu hiyo lazima iandikwe. Kanuni hizo zinawahusu wenye kipato kisichovuka kiwango kilichowekwa, na baadhi ya waajiri wadogo hawabanwi nazo. Somo ni lilelile: mkataba ulionyamaza kuhusu sababu unampa mwajiri nafasi ya kubadilisha hadithi baadaye.

Jambo jingine la kuangalia hapohapo ni muda wa majaribio. Nimeona mkataba wa miezi 6 wenye majaribio ya miezi 6. Maana yake mtu yuko kwenye majaribio tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na notisi yake ni ile fupi ya majaribio wakati wote. Omba yapunguzwe yalingane na urefu wa mkataba.

Hatua ya 3: Linganisha malipo yako na ya mwenye nafasi

Kanuni iliyoenea katika sheria nyingi za kazi ni kwamba mwenye mkataba wa muda asitendewe vibaya kuliko wa kudumu anayefanya kazi ileile, kwa sababu tu ya mkataba wake kuwa wa muda. Umoja wa Ulaya uliiweka katika Maagizo namba 70 ya mwaka 1999. Uingereza ina kanuni zake za mwaka 2002. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa.

Tofauti halali zipo. Mwenye nafasi akiwa na miaka 12 kazini na ngazi ya mshahara inapanda kwa miaka, wewe kuanza ngazi ya chini si dhuluma. Dhuluma ni pale unapobeba kazi yake yote, majukumu yake yote, saini zake zote, halafu unalipwa ngazi ya msaidizi kwa maelezo kwamba "huyu anashikilia tu". Usiulize mshahara wake kwa minong'ono. Uliza ofisi ya utumishi ngazi ya nafasi hiyo ni ipi na wewe umewekwa wapi ndani yake. Swali la ngazi linajibika bila kumvunjia mtu siri.

Likizo ya mwaka ndiyo haki inayopotea kimyakimya kuliko zote. Mtu anasema, "Sijamaliza mwaka, kwa hiyo sina likizo." Hapana. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unatambua likizo ya uwiano kwa asiyetimiza mwaka. Kenya imeiweka wazi: likizo ya mwaka haipungui siku 21 za kazi, na ajira ikikoma baada ya miezi 2 au zaidi mfululizo, mfanyakazi anastahili siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliotimia. Hesabu yake ni nyepesi. Umefanya kazi miezi 7: 7 mara 1.75 ni siku 12 na robo. Ulishachukua siku 4 ulipokwenda msibani na zikakatwa kwenye likizo? Zimebaki 8 na robo, na mkataba ukiisha hujazitumia, hizo ni malipo. Andika hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi kila mwisho wa mwezi.

Ukiambiwa likizo "imejumlishwa ndani ya mshahara", omba uoneshwe mstari wake kwenye hati ya malipo. Pasipo mstari huo, huo ni mshahara mtupu.

Mengine nayapitia haraka: michango ya hifadhi ya jamii tangu mwezi wa kwanza, malipo ya saa za ziada, likizo ya ugonjwa (angalia umetakiwa kukaa kazini muda gani ndipo ianze), vifaa vya kujikinga, mafunzo ya kazi. Mahali penye kifaa cha hatari, mshika nafasi ndiye anayehitaji mafunzo zaidi ya wote kwa sababu ndiye mgeni.

Hatua ya 4: Pokea kazi kwa maandishi

Siku ya kwanza utakuta sweta lake kwenye kiti, vikaratasi vya rangi kwenye kioo cha kompyuta, na droo yenye funguo tatu zisizo na majina. Kama mmebahatika, mtakaa pamoja wiki moja mkabidhiane. Mara nyingi hamtabahatika, maana uchungu haufuati ratiba ya ofisi.

Kwa hali yoyote, ndani ya wiki ya kwanza andika orodha ya ulichokuta: kazi zilizoisha, zilizo njiani, zilizochelewa, fedha au mali mkononi, madeni, nywila ulizopewa na usizopewa. Mpelekee msimamizi wako kwa barua pepe ukisema, "Hii ndiyo hali niliyoikuta hadi tarehe hii, naomba unisahihishe kama kuna kilichosahaulika." Si kumchongea mwenzako. Ni kuweka mpaka. Ripoti iliyotakiwa mwezi kabla hujaingia isije ikawa sababu ya wewe kuonywa kwa uzembe, na yeye naye asirudi akakuta makosa yako yamebandikwa jina lake.

Halafu usimpigie simu. Najua inavyokuwa: faili halionekani, mteja yuko mlangoni, na yeye ndiye anayejua. Pitia kwa msimamizi. Likizo ile ni haki yake kama mshahara ulivyo haki yako. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na ndani yake wiki 6 za lazima baada ya kujifungua, isipokuwa wadau wa nchi wamekubaliana vingine. Mwajiri anayekwambia "mwulize tu" anawatumikisha wawili kwa mshahara mmoja na nusu.

Hatua ya 5: Wewe mwenyewe ukipata ujauzito

Hili huwaogopesha washika nafasi wa kike kuliko lolote. Nimeletwa niwepo kwa sababu mwenzangu hayupo, sasa na mimi sitakuwepo. Si watanifukuza, tena kwa haki?

Swali hilohilo liliwahi kufika mahakamani. Uingereza, mwaka 1987, mwanamke aliyeitwa Webb aliajiriwa na kampuni ya EMO Air Cargo ili aandaliwe kushika nafasi ya mwenzake aliyekuwa anakwenda likizo ya uzazi. Wiki chache baada ya kuanza aligundua naye ana mimba. Akaachishwa. Kampuni ilisema kosa si mimba, kosa ni kwamba hatakuwepo wakati anaohitajika. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 1994 ilikataa hoja hiyo: kumwachisha mwanamke kwa sababu ya ujauzito ni ubaguzi wa kijinsia, na mjamzito hawezi kulinganishwa na mwanaume aliyeumwa.

Mkataba wa Webb haukuwa na ukomo wa tarehe, kwa hiyo waajiri wakadhani wenye mikataba mifupi hawahusiki. Tarehe 4 Oktoba 2001 mahakama hiyo ikafunga mwanya huo katika kesi mbili. Moja ilihusu Tele Danmark, kampuni ya Denmark iliyomwajiri mwanamke kwa miezi 6 tu, naye hakusema kwamba ana mimba; mahakama ilisema ulinzi ni uleule hata kama sehemu kubwa ya mkataba hatakuwepo. Nyingine, ya Hispania, iliweka mpaka ambao kila mshika nafasi anapaswa kuujua: mkataba wa muda ukifika tarehe yake ukaisha, huko si kufukuzwa kwa sababu ya mimba, lakini ukikataliwa kuongezewa kwa sababu ya mimba, huo ni ubaguzi.

Hukumu hizo zinafunga nchi za Umoja wa Ulaya, lakini kanuni ya kutomwachisha mtu kwa sababu ya ujauzito imeandikwa katika sheria za nchi nyingi, na Mkataba namba 183 unaisema. Tofauti kubwa iko kwenye malipo na notisi. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inataka mwajiri ajulishwe miezi 3 kabla ya tarehe ya kutarajiwa kujifungua, kwa cheti cha daktari. Kenya ni miezi 3 kwa mshahara kamili, na notisi ni siku 7. Ukikosea notisi, mwajiri anapata kisingizio ambacho hukupaswa kumpa.

Kwa hiyo: toa taarifa kwa maandishi, ambatanisha cheti, tunza nakala. Na kama mkataba wako ulikuwa njiani kuongezwa, hakikisha mazungumzo hayo yamo kwenye barua pepe kabla ya taarifa ya ujauzito kwenda. Tarehe hizo mbili zikisimama pamoja, zinasema zenyewe.

Hatua ya 6: Mambo yakibadilika katikati

*Akirudi mapema.* Rudi kwenye kifungu cha hatua ya 2. Kama mkataba una tarehe na hauna ruhusa ya kuukatisha, mara nyingi unastahili kulipwa mpaka tarehe hiyo. Kama una notisi, unastahili notisi au malipo yake. Yeye ana haki ya kurudi kwenye nafasi yake au iliyo sawa nayo kwa mshahara uleule. Hakuna mtu wa kumlaumu kwa hilo. Deni lako liko kwa mwajiri aliyesaini na wewe.

*Akichelewa.* Utaambiwa, "Endelea kidogo, tutaandika baadaye." Endelea ukitaka, lakini siku hiyohiyo tuma ujumbe: "Kufuatana na mazungumzo yetu, naendelea na kazi baada ya tarehe ya mwisho ya mkataba wangu kwa masharti yaleyale, nikisubiri barua ya nyongeza." Katika nchi nyingi, kuendelea kufanya kazi mwajiri akijua kunahesabiwa kuwa mkataba umehuishwa. Nchini Tanzania kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinakubali hivyo hali ikiruhusu. Ujumbe wako ndio ushahidi wa hali hiyo.

*Asiporudi kabisa.* Hapa ndipo mioyo huvunjika. Umefanya kazi vizuri mwaka mzima, nafasi iko wazi, unajua kila droo, halafu unaona tangazo limebandikwa kwa watu wa nje. Kushika nafasi peke yake hakukupi umiliki wake. Kinachoweza kukupa nguvu ni matarajio halali: ahadi ya mkuu, nyongeza za mfululizo, desturi ya mahali hapo. Sheria ya Tanzania inahesabu kukataa kuhuisha mkataba wa muda kuwa ni kuachisha kazi, pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa. Afrika Kusini nayo ina kifungu kama hicho. Ahadi ya kwenye korido haitoshi. Mtu akikuahidi, mwandikie jioni hiyo umshukuru kwa ahadi yake, kwa upole, ukiitaja. Uingereza na Afrika Kusini, wa mikataba ya muda wana haki pia ya kupewa fursa sawa ya kuomba nafasi zinapotangazwa. Omba rasmi. Usingoje kuitwa.

*Ukimaliza kwa huyu ukapewa mwingine wa kumshikia.* Kuna mwanamke nchini Ujerumani, Kücük, aliyefanya kazi mahakamani mjini Köln kwa mikataba 13 mfululizo kati ya 1996 na 2007, yote ya kushikia watu walio likizo. Alisema: kama mnanihitaji miaka 11, basi mnahitaji mtu wa kudumu. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kuhitaji washika nafasi mara kwa mara si kosa lenyewe, ila mahakama za nchi lazima zitazame mikataba yote kwa pamoja, idadi na urefu wake, zione kama mwajiri anatumia vibaya njia hiyo. Kwangu mimi hukumu hiyo ilimpa mwajiri nafasi kubwa mno. Miaka 11 si dharura. Lakini imeacha silaha moja mkononi mwako: tunza kila mkataba, hata ule wa wiki 2. Uingereza, mikataba ya mfululizo ikifika miaka 4 inaweza kugeuka kuwa ajira ya kudumu, isipokuwa mwajiri ana sababu ya haki. Bila karatasi zako huwezi kuhesabu hiyo miaka 4.

Hatua ya 7: Wiki ya mwisho

Fanya makabidhiano kama ulivyotamani kufanyiwa: orodha, tarehe, funguo zenye majina. Mwenye nafasi anarudi akiwa na usingizi wa saa nne na maziwa yanayomjaa kila baada ya muda. Wiki yake ya kwanza itakuwa nyepesi au ngumu kutegemea ulichoacha mezani.

Kisha omba vyako. Mshahara wa siku ulizofanya kazi. Malipo ya likizo ambayo hukutumia. Saa za ziada. Malipo badala ya notisi kama inakuhusu. Kiinua mgongo kama mkataba au sheria inakupa. Taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii, ukiangalia mwezi kwa mwezi kama hakuna uliorukwa. Na cheti cha utumishi, ambacho Kenya na Tanzania ni wajibu wa mwajiri kukitoa. Hakikisha kinataja cheo ulichokishika hasa.

Ukipewa fomu inayosema umepokea stahili zako zote na huna dai lolote, usiisaini ukiwa umesimama mlangoni. Ichukue ukaisome. Ukilazimika kusaini ili upate pesa, andika kwa mkono juu ya saini yako kiasi ulichopokea na kwamba malipo ya likizo, kwa mfano, bado.

Hatua ya 8: Ukipunjwa, hesabu siku

Anza ndani, kwa barua fupi. Hii unaweza kuigeuza itakavyokufaa:

"Mkataba wangu wa kushika nafasi ulimalizika tarehe ... baada ya miezi 7 ya utumishi. Kwa hesabu yangu nilistahili siku 12.25 za likizo, nikatumia 4, zikabaki 8.25. Malipo yake hayamo kwenye hati yangu ya mwisho. Naomba yalipwe, au nipewe hesabu yenu kwa maandishi, kabla ya tarehe ... Naambatanisha nakala ya mkataba na hati za malipo."

Hakuna lawama ndani yake, kuna tarakimu tu. Ofisi inaweza kupuuza malalamiko. Hesabu iliyoandikwa inabidi ijibiwe kwa hesabu.

Wakati unasubiri jibu, muda wa kisheria unakwenda. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Afrika Kusini nako ni siku 30 kwa kuachishwa isivyo halali. Mazungumzo ya "njoo wiki ijayo" yamewala watu wengi siku hizo zote. Siku unayopeleka barua, zungushia kwenye kalenda siku ya 20 tangu mkataba ulipokoma: ikifika hujajibiwa, unakwenda kujaza fomu ya tume au kumwona afisa kazi, ukiwa na mkataba, hati za malipo, orodha ya makabidhiano na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.